Amplifaya ya valvu: Ipi yafaa sebule ya nyumba ya kupanga?

Ingia duka lolote la vyombo vya muziki katika barabara ya Luthuli, Nairobi, useme unatafuta amplifaya. Kabla hujamaliza maneno yako, kijana wa dukani atakuwa amekwisha kukuuliza, "Ya wati ngapi?" Atakuonyesha za wati 500, za wati 1,000, na pale nyuma hakosi moja iliyoandikwa wati 5,000 kwa herufi za dhahabu, nayo unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Mimi leo nataka tuzungumze habari za amplifaya zenye wati 8, au 12, au 35, ambazo huwezi kuziinua bila kukaza kiuno, na ambazo bei yake humfanya mtu mwenye akili timamu atafute kiti kwanza.

Hizi ni amplifaya za valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kama kaa lililofunikwa jivu. Ikiwa umri wako ni miaka sitini kwenda mbele, bila shaka unaikumbuka redio ya namna hiyo nyumbani kwenu au kwa jirani, ile ambayo ukiiwasha haisemi kitu mpaka ipate moto. Ikiwa wewe ni mwanafunzi, huenda umeziona katika picha tu ukadhani ni mapambo.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni Baba. Alikuwa fundi wa redio Mombasa, pale Mwembe Tayari, tangu mwisho wa miaka ya 1950 alipokuwa mwanagenzi kwa Mhindi mmoja, hadi macho yalipomkataza kuchomea waya. Mama alipofariki, sisi watoto watano tuliafikiana kwamba Baba aje akae kwangu Buruburu. Alikuja na sanduku moja la nguo na makasha matatu ya santuri: Fundi Konde, Daudi Kabaka, Franco, na taarabu ya Mombasa ya kutosha kuendesha harusi ya siku saba. Nami nilikuwa na kinanda kidogo cha plastiki cha kuchezea santuri, kile chenye spika zake humo humo ndani. Baba alikisikiliza siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu Juma Bhalo amepatwa na mafua?"

Baada ya hapo hakuzigusa tena santuri zake. Alikaa tu dirishani akitazama matatu zikipita, na mwenye mzazi aliyefiwa na mwenzake anajua jinsi kimya cha namna hiyo kinavyotisha. Ndipo tukachangishana. Dada yetu aliye Muscat alitoa sehemu kubwa, kaka wa Kilifi akatuma Sh10,000 ambazo mimi najua zilikuwa na kazi nyingine, na jumla ikawa Sh90,000. Nikaambiwa, "Wewe uliye Nairobi, mtafutie Baba kitu kama kile alichokizoea." Fedha za watu watano si za kuchezea. Nikaazimia kutonunua kitu mpaka nisikilize kwanza, na popote nilipokwenda kusikiliza nilikwenda na Baba pamoja na santuri mbili: moja ya Juma Bhalo na moja ya Franco.

Kabla hatujaingia katika nyumba za watu, hebu tuelewane kidogo juu ya chombo chenyewe. Mwaka wa 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza chupa isiyo na hewa, ndani yake mna waya unaopashwa moto na bamba la chuma kando yake. Umeme huruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bamba, lakini haurudi nyuma. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza wavu mdogo katikati. Wavu huo ndio bawabu. Sauti dhaifu inayotoka kwenye santuri humwamuru bawabu afungue au afunge, na umeme mwingi unaopita langoni hufuata amri hiyo. Hivyo sauti ndogo huwa kubwa. Siri yote ni hiyo, na mpaka leo haijabadilika.

Transista ilivumbuliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. Haihitaji kupashwa moto, ni ndogo, ni rahisi, na haivunjiki ikianguka. Katika muda wa miaka thelathini hivi ilikuwa imeziondoa valvu katika nyumba nyingi duniani. Baba husema kwamba redio za transista ndizo zilizomtia umaskini, maana zilikuwa hazirudi kwa fundi.

Na nikuambie ukweli kabla hujakimbilia mkopo wa sacco: ukiipeleka maabara, amplifaya nzuri ya transista ya bei ya wastani itaishinda ya valvu karibu katika kila kipimo. Basi kwa nini watu bado wanazitafuta? Sababu moja ni jinsi valvu inavyokosea. Kila chombo huongeza vijisauti ambavyo mwimbaji hakuviimba. Gitaa likitoa noti ya mitetemo 220 kwa sekunde, valvu huongeza kidogo noti ya mitetemo 440, nayo ni noti ile ile kwa juu yake, mfano wa mtoto anayeimba nyuma ya babake. Sikio halichukizwi na nyongeza hiyo. Wengi huiona kama utamu. Sababu ya pili ni kwamba valvu ikizidiwa nguvu huelemewa taratibu, ilhali transista ikifika mwisho wake huikata sauti ghafla kama kisu. Mengine utakayoambiwa, kwamba valvu ina roho, kwamba inapumua, yapokee kama unavyoyapokea maneno ya dalali.

Sasa tuje kwenye aina. Aina kubwa ni mbili, nazo hutofautiana kwa jinsi kazi inavyogawanywa. Katika aina ya kwanza, kila spika huhudumiwa na valvu moja kubwa inayofanya kazi yote peke yake. Katika ya pili, valvu hufanya kazi wawili wawili. Umewahi kuwaona wapasuaji mbao na ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja akivuta wakati mwenzake anasukuma? Ndivyo hasa. Mafundi wa Kiingereza huita mtindo huo kwa jina lenye maana hiyo hiyo, nami hapa nitauita vuta-sukuma.

Kwa Baba tulianza na ya valvu moja. Daktari mmoja mstaafu, rafiki wa shemeji yangu, anakaa Loresho katika nyumba ambayo sebule yake yaweza kuegeshwa matatu mbili. Amplifaya yake hutumia valvu iitwayo 300B, iliyotengenezwa na kampuni ya Western Electric ya Marekani katika miaka ya 1930 na ikatumika katika majumba ya sinema. Ni chupa nzuri kwa macho, nene kiunoni, refu karibu kama chupa ya soda. Valvu moja ya 300B hutoa wati 8 hivi, na daktari alikuwa na mbili, moja ya spika ya kulia na moja ya kushoto.

Msomaji, nisingependa kukudanganya: sauti ya mtu niliyoisikia pale sijapata kuisikia kwingine. Juma Bhalo hakuwa na mafua. Alikuwa amesimama baina ya zile spika, harmonia kando yake na tabla mbele, na alipovuta pumzi kabla ya ubeti, Baba naye alivuta. Tulikaa saa nzima bila kunena.

Lakini zitazame zile spika. Zilikuwa za baragumu, za mtindo wa Paul Klipsch wa Marekani wa miaka ya 1940, kila moja na ukubwa wa kabati la nguo, zikiwa zimesukumwa pembeni mwa chumba ili kuta zenyewe ziwe sehemu ya baragumu. Spika kama hizo huhitaji nguvu kidogo mno. Wati moja tu yatosha kumfanya jirani alalamike. Kisha daktari akaweka Franco. Magitaa yalimetameta vizuri, ila besi ilikuwa laini kupita kiasi, kama mtu anayetembea na viatu vilivyomzidi. Daktari mwenyewe alikiri kwamba valvu moja haiwezi kuishika besi barabara. Tulipotoka Baba alisema jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile: "Pale inayoimba ni nyumba. Ukiichukua ile amplifaya ukaileta Buruburu, utakuwa umechukua usukani ukaliacha gari."

Na alikuwa na haki. Spika za kawaida tunazoweka sebuleni hutoa sauti ya desibeli 86 hadi 90 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Za daktari huzidi 100. Kila desibeli 10 zahitaji nguvu mara kumi, kwa hiyo kile alichokifanya daktari kwa wati moja, mimi ningehitaji wati 10 na zaidi, na amplifaya yake haina. Bei nayo haikuwa yetu. Jozi ya 300B za kiwanda cha maana yaweza kumaliza nusu ya mchango wetu kabla hujanunua hata skrubu ya amplifaya yenyewe.

Jumapili iliyofuata tulikwenda South C kwa mhandisi mmoja wa majengo. Huyu ni mtu wa vuta-sukuma. Amplifaya yake ina valvu nne za EL34, mbili kwa kila spika, na hutoa wati 35 kila upande. Ni ya ukoo wa ile Dynaco Stereo 70 ya mwaka wa 1959, ambayo Wamarekani wengi waliinunua ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku wakaiunganisha wenyewe mezani. Spika zake ni za kawaida, za kimo cha kiuno.

Hapa Franco alikuwa mfalme. Besi ilisimama wima, ngoma zikapiga kifuani, na magitaa matatu yakapishana bila kukanyagana. Kazi ya watu wawili ina faida zake: vile vijisauti vya nyongeza nilivyovitaja, vingi huondoleana vyenyewe, na uvumaji wa umeme wa stima hupungua. Juma Bhalo alikuwa mzuri pia, ijapokuwa alirudi nyuma hatua moja hivi. Ningeweza kuichukua siku ile ile.

Yaliyonizuia ni mawili. Kwanza joto. Amplifaya ile hula karibu wati 200 za umeme iwe inaimba kwa nguvu au inanong'ona, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto chumbani. Mhandisi alikuwa amefungua madirisha yote. Pili, valvu zake hutaka kurekebishwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuchokoa kwa mita na bisibisi mpaka zipitishe umeme kwa kiasi kilicho sawa. Kwa mhandisi hilo ni burudani. Kwa nyumba ambamo mwenye ujuzi ni mzee wa miaka 84 ambaye macho yake hayaoni tena namba za mita, ni balaa. Zipo nyingine zilizoundwa zijirekebishe zenyewe kwa ukinzani mdogo uliowekwa chini ya kila valvu. Hupoteza nguvu kidogo, lakini hukuachia usingizi wako. Ukinunua kwa ajili ya familia, uliza jambo hili mwanzo kabisa. Uzuri wa rangi uulize baadaye.

Kuna ndugu yake mkubwa zaidi, KT88, iliyotoka Uingereza katika miaka ya 1950, ambayo jozi yake hutoa wati 50 au zaidi. Hiyo ni ya wenye majumba makubwa na spika zenye kiburi. Wapo pia waliofuata njia ya Mmarekani Julius Futterman, ambaye katika miaka ya 1950 aliunda amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutolea sauti. Hizo huhitaji valvu nyingi, huwaka kama jiko la makaa, na hazipatani na kila spika. Sijakutana nayo Nairobi, wala sioni kwa nini mtu wa nyumba ya kupanga aitafute.

Niseme neno juu ya hiyo transfoma. Valvu hutoa umeme wa volti nyingi lakini mwembamba. Spika hutaka kinyume chake. Baina yao lazima kuwe na mkalimani, nalo ni lile pande la chuma lililozungushiwa waya ambalo ndilo linalofanya chombo kiwe kizito. Hapo ndipo watengenezaji wabaya hubania. Mtu anaweza kukupa valvu nzuri na transfoma hafifu, nawe usijue mpaka usikie besi imekonda. Baba huipima amplifaya kabla ya kuisikiliza: huishika pembe moja akainua kidogo, kisha hutikisa kichwa au hunyamaza.

Mpwa wangu aliye chuo kikuu alisikia habari zetu akaja na yake mkobani. Alikuwa ameinunua mjini kwa bei ya simu ndogo, na muuzaji alimhakikishia kwamba ni ya valvu. Ina chupa mbili mbele zinazowaka vizuri ajabu. Baba aliigeuza, akachungulia, akacheka hadi machozi. Chini ya kila chupa palikuwa na kijitaa chekundu cha kuipamba. Kazi ya kuendesha spika ilikuwa ya kidude cha transista kisichozidi ukucha. Zile chupa zilipitisha sauti mwanzoni tu. Hii ndiyo aina ya chotara. Si vizuri kuitukana yote, maana ziko chotara za bei ya juu zilizoundwa na watu wanaojua wanachokifanya. Na hata hii ya mpwa wangu, katika chumba cha bweni, haikuimba vibaya. Kosa ni la muuzaji aliyempa kitu kimoja jina la kingine. Ewe mwanafunzi mwenye kibaba, nunua amplifaya ya kawaida ya transista iliyotumika, ya chapa inayojulikana, halafu fedha zitakazobaki zitie kwenye spika. Utawashinda wenye chupa za urembo.

Basi tukabaki na Sh90,000, sebule ya mita nne kwa tatu na nusu, jirani wa juu anayefanya kazi zamu ya usiku, watoto wawili wadogo na mzee mmoja. Kwa hesabu hiyo mimi nilikwisha kuamua: vuta-sukuma ndogo, yenye valvu nne za EL84.

EL84 ni kichupa chembamba kama kidole gumba. Mwaka wa 1954 kampuni ya Mullard ya Uingereza ilitangaza mchoro wa amplifaya yenye valvu tano na wati 10 iliyotumia jozi ya EL84, na mafundi wengi waliiunda majumbani mwao. Jozi moja hutoa wati 10 hadi 15. Zadharauliwa kwa udogo, hasa na wale wanaopima sifa kwa wati, lakini hebu piga hesabu pamoja nami. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 12 hufikia desibeli 100 na ushei ukiwa karibu. Mazungumzo ya watu ni kama desibeli 60. Sisi husikiliza kwa 75, pengine 80 mke wangu akiwa ametoka, na kiasi hicho hakifiki hata wati moja. Ukizidisha nguvu maradufu, kutoka wati 12 hadi 24, unaongeza desibeli 3 tu, na sikio halizioni kuwa nyingi. Kwa nini basi nilipe za ziada, nizipashe moto jioni nzima, zikanikalie bure?

Hadi hapo Baba hakuwa ametoa hukumu, nami niliogopa kwamba ameshikwa na ile sauti ya Loresho. Tulipata ya EL84 kwa fundi mmoja anayeunda mwenyewe karakanani kwake, akaturuhusu tuilete nyumbani wiki moja. Nikamwuliza Baba wazi wazi kama haikosi zile sauti nyembamba za juu, maana mhandisi alikuwa ameziongelea sana. Akaniambia, "Mwanangu, zile sauti nyembamba mimi ziliniaga zamani. Masikio ya mzee huanza kufungwa kwa juu. Mimi nataka nijue huyu anayeimba anasema nini." Akaweka santuri, akatia mkono juu ya mbao za spika, akafumba macho. Ubeti wa pili alikuwa anaufuatisha kwa midomo. Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akaniashiria nilipe.

Alikuwa na masharti yake, nayo nakushauri uyafuate. Ndani ya amplifaya ndogo kama hii mna volti 300. Katika ile ya EL34 hufika 400 na zaidi, na ziko kubwa zenye volti 1,000. Umeme huo hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo mtu asiye fundi asiifungue kamwe, hata kama imekufa. Baba alipokuwa akifanya kazi, chombo kikiwa na umeme, aliuweka mkono mmoja mfukoni, ili umeme ukimkamata usipite kutoka mkono hadi mkono kupitia moyoni. Na wanagenzi wake waliocheka, aliwafukuza. Kisha kuna chupa zenyewe, ambazo huunguza kama pasi. Tulimwambia fundi atuwekee kizimba cha wavu wa chuma juu, na chombo chenyewe tukakipandisha kwenye rafu ambayo kitinda mimba hafiki hata akipanda kiti.

Mambo mengine ni madogo ila ni ya lazima. Usiiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila kuiunga spika, maana unaweza kuiunguza ile transfoma ya kutolea sauti. Ukiletewa na ndugu kutoka Japani, kumbuka kule stima yao ni volti 100, Marekani ni 120, na kwetu ni 240. Kuichomeka bila kibadilishaji ni kuiua papo hapo. Na kwa vile stima yetu hupanda na kushuka inavyotaka, tia kidhibiti cha volti kati yake na ukuta. Yetu hula umeme kama wati 100 hivi, kwa hiyo saa tano za taarabu ni nusu ya yuniti.

Wengi huniuliza kama valvu bado zapatikana. Zinapatikana, ila kwa kuagiza. Viwanda vilivyobaki ni vichache, vikiwamo vya Slovakia, Urusi na China. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka wa 2022 na biashara ya Urusi ikatatizika, wapenzi wa valvu duniani walihaha kwa miezi na bei zikapanda. Valvu kubwa za nguvu hudumu saa 2,000 hadi 5,000 hivi; zile ndogo za mbele hudumu zaidi. Kwetu, ambako chombo huwashwa saa tatu kila usiku baada ya sala ya Isha, saa 2,000 ni karibu miaka miwili. EL84 ni miongoni mwa zile za bei ya chini, na hilo nalo niliambiana na ndugu zangu waziwazi, kwa sababu mchango wa mara moja ni rahisi kuliko wa kila mwaka.

Fundi alichukua Sh62,000. Spika za mitumba zilizotoka Uingereza tulizipata kwa Sh17,000, Baba akazibandika upya karatasi zake kwa gundi huku mjukuu akimshikia tochi. Zikabaki Sh11,000, na hapo ndugu zangu wakaanza kuvutana kwa simu, kaka wa Kilifi akisema zirudishwe, dada wa Muscat akisema zinunuliwe santuri. Baba aliwasikiliza wote, kisha akaagiza valvu nne za akiba. Zilipofika alizigonga moja moja kwa kichwa cha penseli zikiwa zinafanya kazi, akasikiliza kama kuna yenye mlio, akairudisha moja. Zilizobaki amezitia ndani ya soksi zake za sufi, kila moja na soksi yake, nazo zimo juu ya kabati la nguo ambako hakuna anayeruhusiwa kupagusa. Ile ya nne bado tunaingoja.